Kiziwi Mlangoni pa Ofisi: Kudai Haki za Ulemavu Nchini Kenya kwa Mwenye Upotevu Mkubwa wa Kusikia



Nimeombwa nieleze namna mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake anavyoweza kudai anachostahili kisheria. Sheria zenyewe zipo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na mwaka 2025 ikaja mpya. Madai ya kiziwi hukwama kwa sababu nyingine: kila hatua ya kudai, tangu foleni ya hospitali hadi simu ya afisa, inamtaka asikie.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 153,361 wenye shida ya kusikia. Hao ndio waliotajwa na jamaa zao mbele ya karani wa sensa. Mzee ambaye familia inasema "ni uzee tu" huenda hayumo.

Tathmini ya hospitali

Mlango wa kwanza ni tathmini. Mtu huenda katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, hupimwa, ripoti hujazwa, na kwa ripoti hiyo husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Bila kadi, mengi ya yanayofuata hayafunguki.

Msingi wa ripoti ni audiogramu, yaani chati ya kipimo cha usikivu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu ya 2021, huchukua wastani wa masafa manne ya sauti, yaani hezi 500, 1000, 2000 na 4000, katika sikio lenye nafuu. Wastani wa desibeli 65 hadi chini ya 80 ni upotevu mkubwa. 80 hadi chini ya 95 ni mkubwa mno. Kuanzia 95 ni kutosikia kabisa. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu na desibeli 60. Basi mwenye wastani wa 70 huyakosa mazungumzo hayo hata chumba kikiwa kimya, seuze kwenye stendi ya matatu.

Lakini namba peke yake haijengi dai. Ombeni ripoti iseme mambo yafuatayo kwa maneno wazi: kama tatizo ni la neva ya sikio au la sikio la kati linaloweza kutibiwa, kama ni la kudumu, hali ya sikio la kulia na la kushoto, na mtu anaelewa maneno kwa kiasi gani akiwa na kifaa cha kusikia na asipokuwa nacho. Hili la mwisho ndilo husahaulika sana, na ndilo humwangusha mdai. Afisa akiona kifaa masikioni hudhani tatizo limekwisha. Kifaa huongeza sauti, lakini neva iliyoharibika haiwezi kuyatenganisha maneno hata yakiletwa kwa kishindo. Mtu anasikia kwamba kuna anayesema, ila hajui kinachosemwa.

Kisha kuna tabia moja ambayo sisi tunaowasindikiza viziwi tunaijua vizuri: kuitikia kwa kichwa. Mtu aliyelelewa kwa adabu, akiulizwa swali ambalo hakulipata, hutabasamu na kukubali ili asimchoshe mwenzake. Ndani ya chumba cha daktari, wakiwa wawili tu, uso kwa uso, mchana kweupe, anaweza kubahatisha nusu ya maswali kwa kutazama midomo. Mwenye kuandika anaandika: anaelewa. Hapo ripoti imeharibika, na kuirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Kusoma midomo kwenyewe kuna mipaka: "baba", "mama" na "papa" haviachani midomoni hata kidogo. Ndugu zangu, mkiwa kwenye tathmini msiitikie msichokipata. Semeni au andikeni: sijaelewa, rudia. Kufanya hivyo hakumdharau mkubwa yeyote. Huo ndio ukweli uliowapeleka pale.

Wanaoteseka zaidi kwa kutoaminiwa ni waliopoteza usikivu wakiwa watu wazima, labda baada ya homa ya uti wa mgongo, au dawa kama kanamycin iliyotumika kutibu kifua kikuu sugu. Hao wanaongea vizuri kama wewe na mimi. Husikia, au tuseme huandikiwa, swali lile lile: mbona unaongea? Na hawajui lugha ya ishara, kwa hiyo mkalimani hawafai. Wanahitaji kuandikiwa. Afisa anayejua kusaidia kwa njia moja tu atawaacha nje.

Msamaha wa ushuru, na barua ya mwajiri

Kwa aliyeajiriwa, haki yenye uzito mkubwa wa fedha ni msamaha wa ushuru wa mapato. Amri ya 2010 iliyotolewa chini ya sheria ya 2003 iliweka msamaha huo hadi shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. Mwalimu kiziwi anayelipwa 60,000, kwa viwango vya sasa, hukatwa ushuru wa mshahara (PAYE) wa zaidi ya shilingi 8,000 kila mwezi. Akiwa na cheti cha msamaha, pesa hizo hubaki mkononi mwake. Kadi ya Baraza haileti msamaha huu yenyewe; ombi hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru pamoja na ripoti ya hospitali, na cheti kina tarehe ya mwisho. Wapo wanaokaa miaka na kadi mfukoni huku wakikatwa kila mwezi, wakidhani idara ya wafanyakazi itashughulika.

Miongoni mwa karatasi zinazotakiwa ni barua ya mwajiri inayoeleza namna ulemavu unavyoathiri kazi ya mhusika. Hapa naomba tutulie kidogo. Mfanyakazi kiziwi ametumia miaka mingi kuthibitisha kwamba anaweza kazi kama wenzake, na sasa anatakiwa amwombe bosi aandike kwamba kutosikia kwake kunamrudisha nyuma. Anaogopa kwamba barua hiyo itasomwa tena siku ya kupunguza watu, na siwezi kumlaumu. Ushauri wangu ni barua iandikwe kwa kutaja gharama na vizuizi badala ya upungufu wa mtu: hawezi kutumia simu, hufuata mikutano kwa mkalimani au kwa maandishi, hutumia muda wa ziada kuthibitisha maagizo, hununua betri na kutengeneza kifaa kwa pesa zake. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalosema hafai. Maafisa wa waajiri mlio hapa, msiandike kwa mkato kwamba "ana tatizo la kusikia". Sentensi hiyo haimsaidii yeyote.

Asiye na kazi

Sasa tazameni upande wa pili. Kiziwi asiye na mshahara hana ushuru wa kusamehewa. Anaambiwa aende Inua Jamii, msaada wa pesa wa serikali kwa wasiojiweza. Ndani yake, mpango wa pesa kwa watu wenye ulemavu mkali umekuwepo tangu 2011, na kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Lakini umelengwa kwa mtu anayehitaji mlezi wa kudumu: wa kumlisha, kumwosha, kumlinda. Kiziwi wa desibeli 95 anakula mwenyewe na kuoga mwenyewe, hivyo anapita katikati ya vidole vya mpango huo, hata kama hajawahi kuajiriwa kwa sababu hakuna aliyekubali kumfanyia usaili kwa maandishi. Tumefika mahali ambapo mwenye kazi anaokoa zaidi ya mara nne ya kile ambacho fukara asiye na kazi ananyimwa. Huo ni upungufu wa sera, na hauwezi kurekebishwa na familia kwa kujaza fomu vizuri zaidi. Kigezo kibadilishwe kiangalie pia kufungiwa nje ya mawasiliano na ajira.

Kwa waliopoteza usikivu kiwandani ipo njia tofauti, ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Kanuni za kelele za 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa nane. Anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe au ya kufua vyuma apimwe anapoanza kazi, na nakala ya kipimo aiweke nyumbani. Bila kipimo cha mwanzo mwajiri atasema alikuja hivyo.

Ombi langu kwa ofisi

Dai likikataliwa, Ibara ya 47 ya Katiba inampa aliyeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa kiziwi, maandishi ndiyo njia pekee ya kujua alikosea wapi. Aidai barua hiyo, na asipopewa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo.

Kwenu maafisa: acheni kuita majina kwa sauti na kumruka asiyeitika. Andikeni namba ubaoni. Tumeni ujumbe wa simu badala ya kupiga. Leteni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya aliyefunzwa, wala msimgeuze mama mzazi kuwa mkalimani wa mtu mwenye umri wa miaka 30, kwa maana mama atajibu anavyoona yeye, na mwanawe atatoka ofisini bila kujua kilichosemwa juu yake. Na kabla ya mwezi huu kwisha, kila ofisi iliyowakilishwa hapa itaje mtu mmoja atakayejibu madai ya viziwi kwa maandishi, namba yake ibandikwe mlangoni, na nakala ipelekwe kwa chama cha viziwi cha kaunti.