Kutoka Fundi Hadi Kiongozi wa Mafundi

(Maneno tuliyowaambia vijana waliomaliza kozi ya kompyuta, pamoja na wazazi wao)



Wazazi wengi wametuuliza: kijana akishajua kutengeneza kurasa za intaneti, baadaye anaenda wapi? Ama atakaa miaka kumi akipaka vibonyezo rangi? Swali ni zuri, na leo tulijibu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Programu ni kama duka: kuna stoo ya nyuma, na kuna kaunta anaposimama mteja. Vijana hawa ni mafundi wa kaunta. Wanatumia HTML kupanga maneno, CSS kuyapamba, na JavaScript kuufanya ukurasa uitikie unapoguswa. Huyo Brendan Eich aliyeanzisha JavaScript mwaka 1995, kwa muda wa siku 10 hivi, hakubaki hapo. Mwaka 2005 alikuwa mkuu wa teknolojia katika kampuni ya Mozilla.

Lakini tusiende mbali. Mwanzoni mwa 2008, nchi yetu ikiwa katika fujo za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya kuonyesha mahali watu wanapodhulumiwa. David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, aliijenga na wenzake kwa siku chache tu. Ikaitwa Ushahidi. Sasa sikilizeni vizuri: programu ile ingebaki kichwani mwa mtu mmoja, ingekufa fujo zilipoisha. Badala yake iliachwa wazi, wengine wakaisoma na kuirekebisha. Haiti ilipopatwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, ilitumika huko. Naye Kobia akawa anaongoza upande wa teknolojia wa shirika hilo.

Basi, fundi hupandaje? Mwanzoni anamaliza kazi aliyopewa bila kusukumwa. Halafu anaanza kuuliza, "Hii ni ya nani?" Ukurasa wenye picha kubwa kubwa unapendeza ofisini, lakini mama mboga mwenye simu ndogo unammalizia bando kabla haujafunguka. Kibonyezo kisicho na jina hakimsaidii kipofu anayesomewa ukurasa na simu yake. Anayeyaona mambo haya mapema, na kuyasema kwa heshima, ameshaanza kuongoza hata kama bado hajapewa cheo.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu. Kiongozi anasoma kazi ya wenzake kabla haijatolewa, na anasahihisha bila kumwaibisha mtu. Anaandika kwa nini njia hii ilichaguliwa na ile ikaachwa, ili anayekuja kesho asianze gizani. Tena anakubali kuandika programu kidogo kuliko zamani. Hapo wengi hushindwa! Yeye ndiye hodari, kwa hivyo kila kazi ngumu anaibeba mwenyewe. Siku akiugua, kazi yote inalala, na wadogo wake hawajajifunza kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini tusidanganyane, si kila fundi hodari lazima asimamie watu. Kampuni nyingi zina ngazi mbili: moja ya kusimamia watu, na nyingine ya ubingwa, ambapo mtu anapandishwa kwa kina cha ujuzi wake. Hata huyo bingwa, lakini, hupimwa kwa jinsi wengine wanavyosaidika naye. Mwenye kuficha ujuzi hana ngazi ya kupanda.

Kwa hivyo vijana, ombi letu ni moja. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja achukue mwanagenzi mmoja, hata ndugu yake mdogo nyumbani, amfundishe kutengeneza ukurasa mmoja tu. Msimnyang'anye kibodi anapochelewa. Mwacheni akosee, mwulizeni maswali, mpaka apate mwenyewe. Uongozi unaanzia hapo.