Haki ya Makazi na Ruzuku ya Kuifundisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kasese na Bwera)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la mawakili na maofisa peke yao, nalo ni haki za mtu katika nyumba aliyopanga na ardhi anayoikaa, pamoja na fedha zitolewazo na serikali ili watu wafundishwe haki hizo. Nimekubali kwa furaha, kwani hapa Kasese na kule Bwera hakuna mlango usioguswa na jambo hili. Ama unapanga, ama unapangisha, ama wagombea mpaka wa shamba aliloliacha marehemu baba yako.

Mji wetu ulikua kwa watu wa kupanga. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, watu walikuja kutoka kila upande, na wengi wao hawakuwa na ardhi hapa. Mfanyakazi wa mgodi aliweza kupata nyumba ya kampuni. Aliyekuja kwa biashara au kwa ufundi alitafuta chumba. Mgodi ukasimama, treni nayo ikaacha kuja, walakini vyumba vikabaki na vikazidi. Bwera nako, kwa sababu ya mpaka wa Mpondwe na Kasindi, mwuza samaki, mwenye kubadili fedha, utingo wa lori na mama aliyekimbia vita vya Kongo wote hulala katika vyumba vya kukodi. Katika Uganda vyumba hivi vya safu moja huitwa mizigo. Katika Kiswahili chetu mzigo ni kitu cha kubebwa kichwani, nami naona jina halikukosea sana.

Sasa yatazameni yatendekayo. Mpangaji amechelewa wiki mbili. Mwenye nyumba anakuja alfajiri na fundi, mlango unang'olewa, mabati yanashushwa, vyombo vinatupwa nje mvuani. Majirani hutazama na kusema, "Nyumba ni yake, afanye atakavyo." Mwenyekiti wa LC naye huitwa awe shahidi, na mara nyingi hudhani kwamba kuwapo kwake kunatosha kuihalalisha kazi ile.

Haitoshi. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji. Bunge liliipitisha kwanza mwaka 2019, Rais akairudisha ifikiriwe tena, ndipo baada ya miaka mitatu ikapata sahihi yake. Sheria hii yasema kwamba mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji kwa nguvu zake mwenyewe. Sharti aende mahakamani akapate amri. Yasema pia kwamba kodi isiongezwe kupita sehemu kumi katika mia kwa mwaka. Kwamba mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yaandikwe. Kwamba kodi ihesabiwe kwa shilingi, isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Na kwamba nyumba inayopangishwa iwe yafaa kukaliwa na binadamu. Hilo la shilingi lina maana kubwa Bwera, ambako dola hutembea sokoni kama kitu cha kawaida.

Najua kuwa miongoni mwenu mliokaa hapa wako wenye nyumba, na wengine wameanza kukunja uso. Ndugu zangu, sheria haikuwasahau. Asiyelipa kodi bado ni mdeni, na njia ya mahakama imewekwa ili mwenye mali apate haki yake bila ya kuwa yeye mwenyewe ndiye mlalamikaji, hakimu na askari. Na mapatano yaliyoandikwa humlinda yeye kama yamlindavyo mpangaji. Sisi hasa hatuna udhuru katika jambo la kuandika, kwa kuwa agizo la kuandika deni na kuliwekea mashahidi tumelisoma katika Suratul Baqara tangu chuoni. Inastaajabisha kwamba mtu aijuaye aya ile kwa moyo hupokea kodi ya miezi sita asitoe hata kipande cha karatasi.

Kuna lingine ambalo ni zito kulitaja mbele za watu, nami nitalitaja. Katika mji huu husikika maneno kama haya: chumba hiki hatumpi Mkonzo, kile hatumpi Msongora, kile pale hatumpi Mkongo, na huyu ni Mwislamu, au huyu si Mwislamu, aende kwingine. Kifungu cha 21 cha Katiba ya mwaka 1995 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila, rangi, dini, kuwa mwanamume au mwanamke, ulemavu, hali ya maisha au fikira za siasa. Wilaya hii imemwaga damu ya kutosha kwa sababu ya nani ni wa wapi. Anayemnyima mtu chumba kwa ajili ya kabila lake anapalilia shamba lile lile, ingawa yeye hudhani anachagua mpangaji tu.

Na wajane. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, yakataza mtu kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia yake yaishi na kujilisha juu yake bila ya idhini ya mwenziwe wa ndoa. Marekebisho ya sheria ya urithi ya mwaka 2022 yakaongeza kuwa kumfukuza mjane katika nyumba ya ndoa ni kosa la jinai. Juu ya mafungu ya urithi Waislamu tuna maneno yetu, na mashehe watayasema mahali pake. Lakini juu ya shemeji anayekuja na kufuli kabla matanga hayajaondoka, sidhani kama yuko shehe hata mmoja atakayemtetea.

Mafuriko nayo yametufundisha. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulichukua nyumba na madaraja, ukaiharibu hospitali ya Kilembe, na maelfu wakabaki hawana pa kulala. Wako waliokaa kambini Muhokya kwa miaka. Aliyekuwa na hati ya ardhi yake alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Aliyekuwa amepanga hakuwa na lolote, na huenda hata jina lake halikuandikwa kwa kuwa hakuwa mwenye nyumba. Kasese ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kutolewa hati za ardhi ya kimila, mwaka 2015. Walakini ni wangapi kati yetu wamekwenda kuziomba?

Hapa ndipo nafika kwenye ruzuku. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kung'olewa mlango Bwera husema Lukonzo nyumbani na Kiswahili sokoni. Sheria asiyoweza kuisoma imlinde namna gani?

Marekani walilipata tatizo hili zamani. Sheria yao ya haki katika makazi ilitiwa sahihi tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King, na ilikataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi yake au dini yake. Miaka ikapita, wenye nyumba wakaendelea kusema kwa adabu, "Samahani, chumba kimekwisha chukuliwa." Basi mwaka 1987 ikapitishwa sheria ya kutoa ruzuku kwa vyama vya raia, ili fungu moja lifundishe watu, na fungu jingine lichunguze. Uchunguzi wenyewe ni wa akili. Hupelekwa watu wawili wenye kipato sawa na mavazi sawa, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wakaulize chumba kile kile kwa nyakati mbalimbali, kisha majibu yao yakalinganishwa. Chama kinachoomba hueleza kitawafikia watu gani na kwa njia gani, na kazi ikiisha hutoa hesabu. Lakini mapema mwaka 2025 serikali yao ilikatisha nyingi za ruzuku hizo kwa ghafula, na baadhi ya vyama vikaenda mahakamani kuzidai.

Msidhani hayo ni ya Marekani tu. Hapa Uganda sehemu kubwa ya kufundisha haki na kuwatetea maskini mahakamani ililipwa tangu mwaka 2011 na mfuko wa nchi za Ulaya ulioitwa DGF. Mwaka 2021 Rais akausimamisha, mwaka 2022 akauruhusu, na mwisho wa mwaka huo huo ukafungwa kabisa. Ofisi zilizotegemea mfuko mmoja zikapunguza watu, na mteja akakuta mlango umefungwa.

Katika nchi yetu kazi ya kuelimisha juu ya haki imewekwa na kifungu cha 52 cha Katiba mikononi mwa Tume ya Haki za Binadamu, yenye ofisi Fort Portal. Si hisani, ni wajibu wake. Kwa hiyo mimi nashauri chama chetu kiandike kwa Tume, na nakala kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, kikiomba fedha kwa mambo mawili tu: kutafsiri na kupiga chapa maelezo ya sheria hizi kwa Lukonzo na Kiswahili, na kuwafundisha wenyeviti wa LC, ambao ndio hufikiwa kwanza. Mabaraza yao yana mamlaka ya kusikiliza kesi ndogo tangu sheria ya mwaka 2006, na ugomvi wa ardhi ya kimila huanzia huko. Tusiombe fulana zenye maandishi, wala chakula cha mchana hotelini. Tumekwisha ona semina ambazo posho ilikumbukwa kuliko somo. Na fedha hizo ziwe na daftari lake mbali na la msikiti, likaguliwe kila robo mwaka na watu wasio wa kamati, wakiwamo wasio Waislamu, kwa kuwa mpangaji wa Bwera ni wa dini zote.

Wala tusingoje jibu ndipo tuanze. Karatasi mbili zilizotafsiriwa vizuri zaweza kusomwa baada ya sala ya Ijumaa, na siku ya soko pale Mpondwe, kwa gharama ya kupiga chapa tu. Wenye nyumba walio wanachama na waanze kutoa stakabadhi mwezi huu.

Daftari liko kwa Katibu. Ajuaye kusoma Kiingereza na kuandika Lukonzo au Kiswahili kwa ufasaha na atie jina lake leo kabla hatujatawanyika, kwani kazi ya kutafsiri itaanza na watu wanne au watano tu, na wawili kati yao napenda wawe wanawake.