Dhahabu Ikiisha, Kinabaki Nini?

 

Safari hii sikupita njia yetu ya kawaida ya Iringa na Njombe. Kazi ilinipeleka Geita, nikashuka na gari kupitia Kahama, Nzega, Tabora, Makongolosi, Chunya na Mbeya hadi huku. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni nchi ya dhahabu. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo kila mji niliutazama kwa swali moja: mali imetoka, kimebaki nini?

Geita walichimba tangu enzi za Mwingereza. Mgodi ukafungwa 1966, ukaja kuanza tena 2000. Mji ulingoja miaka 34. Buzwagi, pale Kahama, uzalishaji ulianza 2009 ukakoma 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa bado yuko shule ya msingi. Chunya, machimbo ya Lupa yalivuta watu wa kila kabila na taifa miaka ya 1930. Leo wachimbaji wadogo bado wanahangaika na mashimo yale yale. Nzega mgodi umefungwa pia, lakini eneo lake lilikabidhiwa Serikali kwa ajili ya mafunzo ya madini. Hapo angalau shimo limezaa darasa.

Ndugu zangu, kihesabu dhahabu si mapato. Ni mtaji uliolala ardhini. Ukiuza gramu moja, ghala limepungua gramu moja. Usipoigeuza kuwa maji, shule au ujuzi, umekula mtaji.

Haya yanatuhusu. Wilaya yetu ya Mbinga ina makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu 2011. Malori yale yanabeba kitu kisichoota tena. Halmashauri inapata ushuru wa huduma, na sheria inawataka wachimbaji wachangie jamii. Ni haki yetu kuwauliza madiwani, kwa heshima: fedha hiyo imegeuzwa kuwa nini?

Lakini tuanze na mfuko wetu wenyewe. Wazee wetu Wamatengo waliijua hesabu hii kabla yangu. Kwenye ngoro hawakuchoma majani waliyofyeka. Waliyapanga, wakayafukia, wakapanda juu yake. Mteremko uliomlisha babu ukamlisha na mjukuu, kwa sababu kila msimu kuna kilichorudishwa ardhini.

Nasi tuliosomeshwa kwa kahawa ya milima hii turudishe. Naomba mambo mawili. La kwanza, mchangie mfuko wa ada za vijana wetu wanaokwenda vyuo vya ufundi na uuguzi. Fomu za ahadi mmegawiwa. La pili, kila anayetoa adai stakabadhi, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa kijiji kila robo mwaka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi naahidi ada ya kijana mmoja kwa mwaka mzima, na kuandaa hesabu za mfuko bila malipo. Mwenyekiti, naomba jina langu liandikwe, kisha fomu ipite kwa jirani yangu.