Ekseli Iliyotumika na Breki Zake

(Maneno ya hotuba ya fundi mmoja mbele ya wenye magari, madereva na mafundi, mjini Nyeri)



Nimeombwa niseme habari za ekseli ya nyuma, yaani ule mhimili wa chuma unaobeba difu na magurudumu mawili ya nyuma. Sikuja kumkataza mtu kununua ekseli iliyokwisha kutumika. Mwenye pikapu moja, ambayo ndiyo shamba lake na ndiyo karo ya watoto wake, difu ikimvunjikia katika barabara ya Mweiga hawezi kuagiza ekseli mpya kutoka ng'ambo. Atakwenda Grogan kule Nairobi, au kwa wauza vyuma vikuukuu wa hapa petu, atanunua ekseli iliyotolewa katika gari lililoanguka, nasi mafundi tutamfungia. Jambo hili halina aibu. Lakini ekseli hiyo ifikapo gereji huja na breki zake, na hapo ndipo penye swali: zipi zitumike, na zipi zitupwe?

Nijibu mapema, ili asiyeweza kukaa hata mwisho aende na jibu lake. Chuma chaweza kurithiwa, kikiisha kupimwa. Mpira haurithiwi. Na laini ya breki iliyokunywa mafuta hairithiwi, hata ikiwa nene kama siku ilipotoka dukani.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga ekseli katika pikapu ya mchukuzi mmoja wa kabichi aliyekuwa akipeleka mzigo wake soko la Karatina. Ekseli ilikuwa nzuri, na meno ya difu yalikuwa safi. Nilifungua ngoma za breki, nikaona laini ni nene na silinda ni kavu, basi nikafunga. Mwenye gari alifurahi sana kwa kuwa nilimpunguzia gharama. Nisilolifikiri ni kwamba silinda zile zilikuwa kavu kwa sababu ekseli ilikuwa imelala nje, jua na mvua, bila mafuta ya breki ndani yake. Raba zilikuwa zimekauka na kupasuka, na silinda zilikuwa na kutu. Siku ya tatu, akishuka na mzigo kuelekea mto Gura, upande wa Othaya, raba moja ilitoa mafuta yote na pedali ikazama karibu na sakafu. Breki za mbele peke yake hazikuweza kuushika mzigo ule. Gari lilisimamishwa na ukingo wa udongo. Dereva alitoka salama, utingo wake alivunjika mkono. Spana ilikuwa mkononi mwangu, basi sina wa kumlaumu.

Nchi yetu hii ya kuuzunguka Mlima Kenya ni nchi ya kupanda na kushuka. Atokaye Timau kwenda Meru hushuka muda mrefu, na barabara ya Meru kwenda Embu hukata bonde baada ya bonde. Hapana mtu hapa asiyekumbuka daraja la Nithi, ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni na watu zaidi ya 30 wakafa. Breki ya nyuma iliyo dhaifu huweza kufichika mwaka mzima katika nchi tambarare. Hapa kwetu haifichiki hata juma moja.

Sasa tuanze na ngoma. Ngoma ni chuma, nayo yaweza kurithiwa, lakini kila ngoma ina ukomo wake. Futeni kutu kwa brashi ya waya, nanyi mtaona namba iliyochorwa katika chuma chenyewe, ya upana wa mwisho unaoruhusiwa. Aghalabu hauzidi ule wa kwanza ila kwa milimita 2 hivi. Ngoma iliyoanza na milimita 254 huandikwa 256. Ikiisha kupita hapo, hata kama inang'aa, ni nyembamba, hushika joto upesi, na yaweza kupasuka. Msikubali ichongwe tena. Ikiwa ngoma za ekseli yako ya zamani ni za kipimo kile kile nazo ni nzima kuliko zile zilizokuja, zihamishe. Huo ndio uwekevu wa kweli, nao haugharimu hata senti.

Viatu vya breki navyo vyaweza kuhamishwa, maadamu ni vya upana ule ule na vyote vinne vimetoka gari moja. Vitabu vya watengenezaji wengi husema laini ikibaki milimita 1 imekwisha. Mimi nasema kwa milima yetu ikibaki 2 itupwe. Tazameni pia rangi yake. Laini nyeusi yenye kumetameta na harufu ya mafuta ya difu imelowa, kwa sababu sili ya shafti ilikuwa ikivuja. Wako wanaoichoma motoni mpaka ikauke, kisha wakaipiga msasa. Nimeona kazi hiyo, na nimeona gari lilelile likivuta upande siku ile breki zilipopata moto. Sili mpya za shafti ni bei ndogo sana. Zitieni kila mara ekseli inapofunguliwa, bila kuuliza kama za zamani bado ni nzima.

Na vumbi lililo ndani ya ngoma lisipulizwe kwa hewa wala kwa kinywa. Laini za zamani zilitiwa asibesto, ambayo huharibu mapafu. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji, nacho kitupwe. Nawaambia hasa ninyi vijana wanafunzi, maana ninyi ndio mnaopewa kazi ya kusafisha.

Silinda ya gurudumu ndiyo inayodanganya watu wengi. Ekseli mbili zaweza kufanana kwa urefu, kwa ngoma na kwa matundu ya boliti, na bado silinda zake zikawa tofauti. Moja ina milimita 19 kwa ndani, nyingine 22. Fundi husema, "Tofauti ni milimita 3 tu." Lakini nguvu ya silinda hufuata eneo la uso wake, si upana wake. Piga hesabu: 22 mara 22 ni 484, na 19 mara 19 ni 361. Nguvu imeongezeka kwa theluthi nzima! Gari hilo likiwa tupu, katika barabara ya udongo wakati wa mvua za masika, magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari utakuja mbele kumtazama dereva. Basi pimeni silinda za zamani na zilizokuja. Zikitofautiana, zirudishwe za kipimo kilichokuwa katika gari lako. Na katika hizo badilisheni raba, au afadhali silinda nzima ikiwa ndani ina kutu au mikwaruzo. Raba zioshwe kwa mafuta ya breki yenyewe, si kwa petroli wala dizeli, ambazo huzifanya zivimbe.

Springi ndani ya ngoma hulegea kwa joto, nunueni mpya. Vile virekebishi vidogo vyenye meno, vinavyosogeza viatu kadiri laini inavyolika, msivichanganye kushoto na kulia. Aghalabu nyuzi zake za skrubu huzunguka kinyume kwa kila upande, na ukivigeuza breki itajilegeza badala ya kujikaza. Paipu ya mpira inayotoka bodi hata ekseli iwe mpya daima.

Jambo lisilojulikana na wengi ni ile vali iliyofungwa chini ya bodi katika pikapu na magari mengi ya mizigo, yenye fimbo iliyoshikwa na ekseli. Mzigo ukipakiwa, bodi hushuka, fimbo husukuma vali, nayo huruhusu nguvu zaidi ziende breki za nyuma. Gari likiwa tupu huzipunguza. Ekseli mpya ikikosa mahali pa kuishikiza fimbo hiyo, mafundi wengine huifunga kwa waya au huiacha ininginie. Fanyeni taabu ya kuchomelea kishikizo, kisha rekebisheni urefu wake kama ulivyokuwa. Pimeni kabla hamjafungua ekseli ya zamani, kwa maana baadaye hamtajua ulikuwaje.

Kuhusu difu nitasema neno moja tu. Hesabuni meno. Yenye meno 41 kwa 10 haiwi ndugu ya yenye 43 kwa 11, na katika gari la kuvuta magurudumu manne, mbele na nyuma zisipolingana mtavunja gia.

Mafuta ya breki yamwagwe yote, yatiwe mapya, na hewa itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pedali. Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya joto la nyuzi 205, lakini yakiisha kunywa maji yake huweza kuchemka kwa 140, na mteremko mmoja mrefu wenye mzigo wa viazi waweza kuyafikisha huko.

Gari likiisha kufungwa, lijaribiwe kwanza mahali tambarare, tupu, kwa mwendo wa polepole. Kisha litiwe mzigo, lijaribiwe tena. Kisha ngoma zifunguliwe mara moja zaidi kutazama kama silinda ni kavu, na safari hii ukavu uwe ni wa kweli.

Juu ya meza hii nimeleta ngoma mbili na rula ya kupimia. Moja bado ni nzima na moja imekwisha, wala sitasema ni ipi. Karibuni mbele mzipime wenyewe, na wanafunzi waanze.