KILA MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE
Hotuba kwa wanachama



Leo tunasema nanyi habari ya joto la dunia. Wako wanaodhani kuwa jambo hili ni la wataalamu wa hewa peke yao. Sisi tunasema ni siasa, na siasa ya mataifa ni maslahi.

Tazameni. Julai 1997, Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura 95 kwa sifuri kwamba nchi yao isikubali mkataba utakaodhuru uchumi wao, au utakaoziacha huru nchi zinazoendelea. Desemba, Mkataba wa Kyoto ukaandikwa. Serikali ya Marekani ikatia sahihi 1998, lakini Seneti haikuletewa hata kuupigia kura, na mwaka 2001 Rais Bush akaukataa.

Urusi iliuthibitisha mwaka 2004. Je, ni kwa huruma? Viwanda vyake vilikuwa vimeanguka tangu 1990, basi mkataba haukuwa mzigo kwake. Tena ilitaka Ulaya iiunge mkono kuingia katika Shirika la Biashara la Dunia. Canada, yenye mafuta tele ya mchanga wa Alberta, ilitangaza kujitoa mwaka 2011.

Wala si wa Magharibi tu. Glasgow, mwaka 2021, maneno ya kukomesha makaa ya mawe yaligeuzwa saa ya mwisho yakawa ya kupunguza. Waliotaka hivyo ni India na China, ambazo umeme wao mwingi hutokana na makaa.

Hatusemi haya kwa chuki. Mwamba ngoma ndivyo alivyo. Kosa ni letu tukiiachia ngozi.

Visiwa vidogo vilidai tangu 1991 walipwe wanaoumizwa na bahari inayopanda. Kwa miaka thelathini wakubwa waliwapiga chenga. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, nchi zinazoendelea zilisimama kama mtu mmoja. Msemaji wao alikuwa Pakistan, iliyokuwa imegharikishwa na mafuriko mwaka ule ule. Mfuko wa hasara ukakubaliwa. Fedha zilizoahidiwa bado ni haba, lakini mlango uliofungwa miaka thelathini umefunguka.

Basi, ndugu zetu, mkubwa akija na ahadi tamu, tumwulize: maslahi yako yako wapi? Kisha tujiulize: na yetu je? Tuyajue, tuyaseme kwa sauti moja. Mnyonge hana silaha ila umoja.