Nyanya Anaongea Kidawida, Mjukuu Anajibu kwa Kiswahili

 

Katika nyumba nyingi za Voi na Mwatate, nyanya huongea Kidawida na mjukuu humjibu kwa Kiswahili. Wanaelewana vizuri. Ila mjukuu huyo akipata mtoto, nani atamwongelesha mtoto Kidawida?

Haki ipo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za kiasili, na cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Mzee asione haya kumwomba.

Lakini haki hiyo itamfaa nani kama wasemaji wameisha? Hapo simu inasaidia. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sauti za lugha nyingi, na Kidawida kimo. Sentensi hutokea kwenye skrini, msomaji huisoma, simu hurekodi; kisha mtu mwingine husikiliza na kuthibitisha. Kwa sauti kama hizo kompyuta hufundishwa kuelewa lugha.

Tahadhari moja. Sauti ikishatolewa huko ni ya umma, na yeyote duniani anaweza kuitumia bure. Kusoma sentensi za kawaida hakuna shida. Mambo ya fighi na siri za ukoo ni habari nyingine. Hayo yasiende popote bila ruhusa ya wazee.

Pia, Kisagalla si Kidawida kilichopinda, kama wengine wanavyotania. Wanaisimu wanakihesabu kuwa lugha kamili, yenye ukaribu na Kimijikenda, nacho Kitaveta kiko karibu na Kipare. Kila moja ina msimbo wake wa kimataifa: dav ni Kidawida, tga Kisagalla, tvs Kitaveta. Kijana wa Sagalla asipoiona lugha yake kwenye orodha, asibonyeze Kidawida ili mambo yaishe. Kufanya hivyo ni kuifuta lugha yake mwenyewe.

Tena kazi ya kwanza haihitaji bando. Kaa na nyanya jikoni, muulize kama anakubali kurekodiwa, kisha akutajie majina ya vyombo, mbegu, ndege, na mvua za kila msimu. Mwache apige hadithi akitaka. Andika tarehe, kijiji na lugha, uhifadhi nakala mbili, moja nje ya simu, maana simu huibwa.