Kamba ya Mtu Haifungi Mbuzi

Wazee wetu, baba na mama mliotoka Jomba, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka, Kisoro, walimu, na ninyi wahitimu mnaovaa leo kofia ngumu pale wenzenu wa chuo kikuu wanapovaa kofia bapa: walimu wamefanya kazi yao, vyeti vinashuhudia. Wazazi mmepata karo katika miaka ambayo baadhi yenu mlilala kambini Nyakabande, upande wa Uganda, baada ya vita vya 2022. Hilo halihitaji maneno mengi, linahitaji makofi. Wapigieni wazazi wenu makofi.

Nimeombwa niwape wosia wa kazi yenu ya kukwea miti. Ninao mmoja, nao ni wa kamba.

Nimekwea miti tangu ujana wangu. Nimekwea kuchuma mbegu, kupogoa matawi yaliyolalia mapaa ya watu, na kushusha mikaratusi kipande kwa kipande mahali ambapo ukiulaza mti mzima unabomoa nyumba mbili. Nimewaona watu wakianguka. Sijamwona hata mmoja aliyeanguka kwa kutojua kukwea. Kijana wa hapa hukwea parachichi kabla hajajua kuhesabu. Walioanguka waliangushwa na kamba: ama haikuwapo, ama ilikuwapo lakini jana yake ilikuwa kwenye kazi nyingine.

Mwenzangu mmoja alianguka hivyo. Tulikuwa tunashusha mkaratusi mkubwa nyuma ya ghala, kando ya barabara ya kwenda Rutshuru. Siku iliyotangulia mvua ilinyesha na lori la mwenye kazi likakwama kwenye tope. Jioni, sisi tukiwa tumeshaondoka, watu wake wakaingia kwenye banda letu, wakachukua kamba ya kukwea na kulivutia lori. Hakuna aliyetuambia. Asubuhi tuliikuta kwenye msumari wake, imekunjwa vizuri, hata tope limeoshwa, na kwa macho haikuwa na kasoro. Mwenzangu alifika juu, akaketi kwenye mkanda wake, akajinyoosha kulifikia tawi la upande wa pili. Kamba ikakatika. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini nyonga yake haikurudi sawasawa na hajakwea tena.

Baadaye niliipitisha kamba ile kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, nimefumba macho. Karibu na pale ilipokatika kulikuwa na sehemu nyingine ambapo vidole vilizama, kama unapominya ndizi iliyoiva. Nikapasua ganda kwa wembe. Ndani, nyuzi nyeupe za kiini zilikuwa zimekatika nusu, na zilizobaki zimeungua zikashikana donge gumu. Ganda la nje lilikuwa zima. Mwenye kazi alisema ni ajali, mapenzi ya Mungu. Mimi nasema haikuwa ajali. Kamba iliuawa jioni, na mtu akapandishwa juu yake asubuhi.

Watu huniuliza: si kamba hizi zinabeba tani mbili? Ni kweli. Kamba ya kukwea ina unene wa milimita 11 hadi 13, na kipimo cha Ulaya kinaitaka ile ya daraja la juu ihimili kilonewtoni 22, yaani zaidi ya tani mbili, ikiwa mpya na haina fundo. Shikeni maneno hayo mawili. Piga fundo, na karibu theluthi ya nguvu inaweza kuondoka. Iache juani miezi mingi, nguvu nyingine inaondoka. Iweke kwenye bodi ya lori palipomwagika asidi ya betri, nailoni inaliwa bila wewe kuona alama yoyote. Na lori likiwa kwenye tope halivutwi kwa upole. Dereva anakanyaga mafuta, kamba inakaza ghafla, na mkazo ule unaweza kuzidi mara nyingi uzito wa mtu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nimegombana na wakubwa wengi kwa ajili yake: kamba inayobeba mtu haibebi kitu kingine. Haishushi magogo. Haivuti gari. Haifungi mzigo kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Haifungi mbuzi, hata akiwa mbuzi wa mahari na mama mkwe anasubiri mlangoni. Kushusha magogo kuna kamba yake, nene zaidi na ya rangi nyingine, ili hata mtu asiyejua kusoma asizichanganye.

Hapa kwetu mpakani kuna kishawishi kingine. Malori yanatoka Mombasa, yanapita Uganda, yanasimama Bunagana, na kamba za turubai zinauzwa kando ya barabara kwa bei ya chai na mandazi. Zina rangi nzuri na mkononi unazihisi ngumu. Nyingi ni plastiki ya polipropilini, ambayo jua huila haraka na ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 165 za joto. Ukiteleza na fundo lako likasugua kamba kwa kasi, joto la msuguano linaweza kuifikia hali hiyo kabla hujagusa ardhi. Ziacheni zifunge turubai.

Mtaniruhusu niseme kidogo kuhusu wakwezi wa michikichi, maana nawaheshimu sana. Kule Beni mkwezi hujizungushia kamba moja, kiuno na shina pamoja, akaegemea nyuma na kupanda akiirusha juu hatua kwa hatua. Huiangalia kamba yake kila asubuhi zaidi ya anavyoangalia simu. Wakwezi wa minazi wa pwani nao wana ujuzi wao wa miguu. Lakini mchikichi hauna matawi njiani. Mikaratusi na grevilea inayo, na kila ukifika tawini itakubidi ufungue kamba uipitishe juu yake. Dakika ile ndiyo inayoua. Ndiyo maana walimu wenu wamewachosha na kamba mbili: usifungue ya kwanza mpaka ya pili imefungwa, imekaza, na umeijaribu kwa uzito wako. Ukishika msumeno wa mota, zote mbili ziwe zimefungwa, na moja iwe na waya wa chuma ndani. Mnyororo wa msumeno hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Ukigusa kamba iliyokaza, hutapata nafasi hata ya kusema "mama".

Fundo la Prusik mnalolitumia lilitangazwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931. Ni uzi mdogo uliozungushwa juu ya kamba kubwa. Unateleza usipobeba uzito, unang'ang'ania ukiubeba. Litazameni kila mnaposhuka. Likianza kung'aa kama limepakwa mafuta, limeungua. Likateni, mfunge jipya. Uzi huo ni wa bei ndogo.

Kuhusu mvua nitakuwa mfupi. Vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, kule Kivu Kusini, mahali pa pili duniani kwa radi, miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Sisi ni majirani zao. Mkisikia ngurumo, shukeni. Asiyewaelewa mwacheni akwee mwenyewe.

Na msikwee peke yenu. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda anaweza kufa kwa dakika chache, hata kama hana jeraha. Hospitali ya Rutshuru iko mbali, na ya Mutolere iko ng'ambo ya mpaka. Anayewafikia kwanza ni mwenzenu aliye chini, kama ana kamba yake, mkanda wake, na amefanya mazoezi ya kuwashusha. Kama mwenzenu huyo ni mtoto wa jirani aliyekuja kutazama, basi mko peke yenu.

Sasa malalamiko yangu, na naona baadhi ya wenye kazi wameketi mstari wa mbele, karibuni sana. Kazi hii hulipwa kwa mti. Mti umeshuka, pesa imetoka, na kamba ni shauri la mkwezi. Kijana anayelipwa kwa mti atatumia kamba ileile mpaka ikatike, kwa sababu kuibadilisha ni kula mshahara wa watoto wake. Miaka hii miti imeongezeka. Kuanzia 2007 mradi wa EcoMakala uliwasaidia wakulima kupanda mikaratusi na mingineyo pembezoni mwa mbuga ya Virunga, ili makala yatoke mashambani badala ya mbugani. Ni jambo jema. Miti hiyo imekua na itahitaji mikono. Wahitimu, mnapofanya bei, andikeni kamba kwenye karatasi ya mapatano, mstari wake peke yake, kama mnavyoandika mafuta ya msumeno. Andikeni pia tarehe kila kamba ilipoanza kazi. Watengenezaji wengi hutaja miaka 10 kuwa mwisho wa kamba ya nailoni hata ikikaa sandukuni, na kwa kazi ya kila siku haifiki huko hata kidogo. Iliyokwisha ikateni vipande vifupi hadharani, ili asije mtu akaiokota na kuikwea.

Ninyi wenye kazi, ombi langu ni moja. Gari lenu likikwama, tafuteni mnyororo. Msiingie kwenye banda la wakwezi. Na kama mtu ameshaingia, ameshavuta, na amerudisha kamba usiku, basi asubuhi aseme, hata kwa aibu. Tutaikata, tutanunua nyingine, na kijana wa mtu atarudi nyumbani jioni kwa miguu yake.